Mshika Kamba

Sifuna alifika mtoni akiwa na maneno matatu mdomoni: Marion amepatikana. Amekufa.

Alikuwa ametoka kituo cha Kawangware 46 kwa miguu, mvua ikimchapa njia nzima, baada ya simu ya mkewe kukatika katikati ya mayowe. Mkewe, Nereah, alikuwa Kisumu Ndogo, huko Kibera, tangu juzi kwa biashara yake ya samaki wa omena, na mto ulikuwa umevunja kingo asubuhi hiyo. Kwenye daraja la chini Sifuna alikuta vijana wamelizunguka bati lililowekwa chini. Juu ya bati alilala msichana wa miaka tisa. Alimjua vizuri. Alikuwa Marion, mtoto wa pekee wa Amondi, dada mkubwa wa Nereah.

"Mamake yuko huko juu, ameshika kamba," kijana mmoja alimwambia.

Sifuna hakungoja kusikia zaidi.

Sasa alimwona. Amondi alikuwa amekaa matopeni, miguu ameikaza kwenye msingi wa ukuta uliobomoka, kamba imemzunguka kiuno mara mbili. Nyuma yake mwanamume mmoja alishika ncha, viganja vikimtoka damu. Kamba ilikatiza maji mazito ya rangi ya chai hadi nyumba ya mabati iliyobaki imesimama ng'ambo. Juu ya paa lake watu kumi na mmoja walikuwa wamekumbatiana. Mmoja wao alikuwa Nereah.

Maneno matatu yakamkauka.

Angesema, Amondi angeachia. Mama gani asingeachia? Na mtu mmoja peke yake asingeweza kushindana na mkondo ule. Sifuna aliinama, akaipokea ncha kutoka kwa yule aliyechoka.

"Afadhali umekuja, shemeji," Amondi alisema bila kugeuka. "Usiangalie maji. Angalia kamba."

Hakumwuliza alikopitia. Sifuna alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akaona aibu kumshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

Wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, kifua ndani ya maji. Kila aliyejitupa kwenye kamba aliwavuta wote wawili hatua moja kuelekea mtoni, nao wakairudisha kwa visigino. Sifuna hakujua kuogelea. Lakini kilichomtetemesha zaidi ni nyayo za watu nyuma yake. Kila aliposikia mtu akiteleza matopeni, aliona ndiye huyo, mtu wa kutoka darajani, anakuja kupiga kelele. Alitamani kuwaziba midomo watu wote wa Kibera.

Mama mmoja alitoka majini na mtoto mgongoni, akamshika Amondi bega. "Mama Marion, msichana wako ataonekana tu. Mungu ni mwema."

"Pita, mama," Amondi alijibu. "Anayekufuata asichoke."

Sifuna akakumbuka Krismasi iliyopita, Amondi akiwa kwake anaosha vyombo. Alimsimulia kwamba alikuwa akienda kila Jumapili mchana, baada ya kanisa lake, kusaidia jikoni kwenye hekalu moja la Wahindi, walikopikia yeyote mwenye njaa. Huko bibi mmoja mzee, Kamalaben, aliyemenya viazi mpaka vidole vikajikunja, alimfundisha kwamba hiyo nayo ni njia ya kumfikia Mungu. Unafanya lililo mbele yako kwa moyo wote, na hushiki matunda yake. Wao huiita karma yoga.

Sifuna alikuwa amecheka. "Shemeji, hakuna mtu wa hivyo. Hata anayeomba, anaomba apate."

Amondi alikuwa amesuuza sufuria nyingine tu.

Na sasa ona, Sifuna aliwaza, Amondi mwenyewe anavuta ili apate. Kila mtoto wa mwenzake anayemtoa, anamwambia Mungu: umeona, basi nirudishie wangu. Wazo hilo lilimchoma kuliko kamba.

Paa likainama. Walikuwa wamebaki wawili juu yake.

Nereah alishuka. Katikati ya mto gogo lilimpiga, mkono mmoja ukaachia, kichwa kikazama. Sifuna alipiga yowe, akainuka kumkimbilia. Kamba ikamtoka viganjani. Amondi akang'olewa kwenye msingi, akaburutwa hadi ukingoni, ambako miguu yake ilinasa kwenye jiwe.

"Rudi, shemeji! Ukimfuata unamwua!"

Alirudi. Alivuta akilia kwa sauti kama mtoto, mpaka Nereah akaanguka mbele yake akitapika maji, mzima.

Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Alilegeza mikono.

"Bado mmoja," Amondi alisema.

Ng'ambo alikuwa amebaki mzee mmoja ambaye hata majirani hawakulijua jina lake. Paa lilikuwa likilia misumari ikichomoka. Sifuna alimtazama mkewe, akayatazama maji, akataka kukimbia. Alikaza kamba kwa sababu tu ya mgongo ule wa Amondi uliokuwa mbele yake, usiogeuka.

Mzee aliifungua ncha ya ng'ambo, akajifunga nayo, wakamvuta mpaka akaweka mguu nchi kavu. Nyuma yake nyumba ikaondoka nzima nzima, ikajikunja kama karatasi.

Hapakuwa tena na mtu wa kuvuta. Sifuna alipiga magoti mbele ya shemeji yake.

"Mama Marion. Kuna kitu nimekuficha. Nilipokuwa nakuja..."

"Ulipitia daraja la chini," Amondi alisema. Alikuwa akiifungua kamba kiunoni taratibu, kwa maana ilikuwa imeingia kwenye ngozi. Kwa mara ya kwanza tangu Sifuna afike, alimgeukia.

"Niliwaomba wale vijana wamwoshe uso, kabla sijaja huku kushika kamba. Walimwosha?"