Kiti Kisicho na Mikono

Mnara, mpiga gitaa la kwanza wa bendi, alikishika kiti kwa mguu mmoja, kama mtu aliyemwokota panya mfu kwa mkia, akakipeleka chooni nyuma ya jukwaa na kukifungia huko. Ufunguo akautia kwenye soksi.

Kilikuwa kiti cha mbao kisicho na mikono, mali ya mpiga gitaa la pili, ambaye Mnara mwenyewe ndiye aliyembandika jina la Kigoda. Viti vya ukumbini vyote ni vya plastiki na vina mikono. Ukikaa humo na gitaa, kiwiko hakina pa kwenda. Ndiyo maana Kigoda alikuja na chake, akakiweka nyuma ya ngoma, akaketi, akapakata gitaa kama mama anayebembeleza mtoto mwenye homa. Mtu mzima na ndevu zake!

Mnara alikuwa akisikia kinyaa. Gitaa ni la kusimama bwana. Unalitundika kwa mkanda mrefu mpaka linaning'inia magotini, unatanua miguu, akina dada wa mbele wanapiga vigelegele. Kukaa kunaua muziki. Hilo hakuambiwa na mtu, alilijua kwa mwili wake. Jukwaani, amesimama, gitaa lililia mpaka watu wakajishika vichwa. Nyumbani, akikaa kwenye kochi, vidole vilevile, nyuzi zilezile, kilichotoka kilikuwa kama masufuria yanayoporomoka kabatini.

Na ndivyo baba mkwe alivyomsikia siku aliyokuja kuwatembelea. Mzee alisikiliza, akaweka kikombe chini, akamgeukia binti yake.

"Na hiki ndicho kinachowalisha?"

"Baba, akisimama huyu ni mtu mwingine," mke alimtetea.

"Basi asimame."

"Hapa hakuna spika, mzee," Mnara alidakia, masikio yakimwaka moto. "Njoo ukumbini Jumapili."

"Nitakuja. Nikiridhika, nafunga mdomo wangu. Nisiporidhika, Jumatatu unakuja dukani kwangu kupakia saruji."

Jumapili yenyewe ndiyo hiyo. Na Mnara hakutaka mkwe aone mwanamume aliyeketi katika bendi yake. Alikuwa ameshamlalamikia Mama Ukumbi, mwenye bendi na kila kilichomo. Yule mama alicheka mpaka kilemba kikalegea.

"Baba wee, wewe ndiye uso wa bendi. Watu wanakuja kukutazama. Lakini Kigoda mwache hapohapo alipo."

Kwa hiyo Mnara akaamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe.

Kigoda aliingia na gitaa lake begani, akapakuta mahali pake patupu.

"Kaka, kiti changu kiko wapi?"

"Kimeenda haja. Leo simama kama wenzako. Una mgongo au huna?"

"Ninao. Lakini nikisimama naangalia watu, nikikaa naangalia kazi."

"Kazi gani? Si unajazia tu nyuma yangu! Juzi uzi wangu ulikatika katikati ya wimbo, na hakuna aliyesikia pengo. Unajua kwa nini? Kipaji. Nafuta jasho kwa mkono huu huu, gitaa bado linalia. Wewe ukifuta jasho kuna anayejua?"

Kigoda akamtazama fundi mitambo aliyeketi kwenye meza yake ya kurekebisha sauti. Fundi mitambo akatazama dari.

"Ama usimame, ama ukakae kwenu," Mnara akamaliza.

Kigoda alitabasamu, tabasamu refu lisilo na haraka. "Haya, kaka. Leo ukumbi ni wako." Akatoka kama alivyoingia.

Fundi mitambo akainuka kumkimbilia. Mnara akamzuia kwa kifua. "Wewe baki na vitufe vyako." Akaviinamia, akavikagua kama mwenye mali. Kimoja kilikuwa chini kabisa, kimebandikwa plasta ya kidonda iliyoshika vumbi.

"Hiki kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Hakiguswi tu. Amri ya Mama."

"Aaa, cha Kigoda hicho!" Mnara akaangua kicheko. "Kumbe hata Mama anajua anachofuga!"

Fundi akaibonyeza plasta ishike vizuri.

Ukumbi ulifurika. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele, mikono kaifunga kifuani. Binti yake kando, akitafuna kucha. Ngoma zikaanza, besi ikaingia. Mnara akatanua miguu, akainua mkono juu kabisa, akaushusha kwenye nyuzi.

Kimya. Ngoma na besi zikaendelea zenyewe, kama wageni walioachwa sebuleni bila mwenyeji.

Akapiga tena. Hakuna kitu. Akamgeukia fundi mitambo, akamwonyesha kidole juu: pandisha! Fundi akatikisa kichwa. Pandisha, wewe! Kule mlangoni, Mama Ukumbi alitupa macho nyuma ya ngoma, pale pasipo na kiti, akajishika kiuno. Kisha akamwashiria fundi kwa kidevu: mpe anachotaka.

Fundi akabandua plasta kwa ukucha, akasukuma kitufe mpaka juu.

Masufuria yakaporomoka ukumbi mzima.

Baba mkwe akamwinamia binti yake. "Samahani, mwanangu, macho yangu ya uzee haya. Hapo amesimama au amekaa?"