Milango Isiyo na Kitasa

Kitendawili! Nyumba yangu imejaa milango, wala hakuna hata mmoja wenye kitasa. Mkishindwa nipeni mji, kisha msikilizeni Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa haoni. Kaka yake aliye ng'ambo alimtumia ujumbe wa sauti: "Dada, tumepata mtoto wa kike. Aitwe nani?" Kwao jina hulitoa shangazi, na wa kwanza kulisikia ni baba. Basi nani angembonyezea simu bila kulisikia? Na menyu ya programu ile ya ujumbe ilikuwa bubu, kioo kitupu, hakina pa kupapasa: ndiyo milango isiyo na kitasa.

"Nitajie mimi, nitazikwa nalo," akatania jirani yake Rukia, fundi wa programu.

"Wewe? Mdomo wako una kifuniko?"

Rukia akacheka, akaenda zake. Kesho yake akarudi na kibodi kidogo, vitufe vitatu vimegandishwa punje za mchele: moja, mbili, tatu.

"Simu nimeidanganya, bibi. Ukibonyeza hapa, inadhani kidole kimegusa menyu. Cha kwanza kinafungua ujumbe wa kaka yako, cha pili kinarekodi, cha tatu kinatuma."

"Haya, toka nje. Na masikio yako uende nayo!"

Bi Mwanahawa akapapasa, akabonyeza. Simu ikalia. Akabonyeza cha pili, akanong'ona, akabonyeza cha tatu. Imekwenda! Kwa kidole chake mwenyewe! Akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika uani.

Punde simu ikalia tena. Akabonyeza cha kwanza, ikapaza sauti ya kaka yake, nyumba nzima ikasikia: "Kibibi! Mwanangu Kibibi, itika!"

Huko nje, Rukia akamwitikia mtoto: "Abee!"