Siku Kumi za Kimya

Siku ya kumi, karani hakwenda hata msalani. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa amekaa mbele ya simu, magoti yamebanana, macho kwenye saa ya ukutani. Saa sita kamili muda ungekwisha.

"Wewe umeolewa na hiyo simu," tarishi alimtania kutoka kwenye benchi lake mlangoni. "Mahari walitoa nini?"

"Uguza goti lako, babu."

"Goti limepona tangu juzi. Ni wewe tu unayeninyima kazi."

Karani aligeukia tena saa. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nchi tano tajiri zilikuwa zimechanga fedha katika chungu kimoja, ili nchi hii iliyotoka vitani isimame tena. Chungu kimoja, vijiko vitano. Ofisi hii ndiyo iliyokitunza. Kila mradi uliandikiwa barua tano, kwa wakubwa watano, mmoja wa kila nchi, zikapelekwa kwa mkono na kusainiwa kwenye daftari. Wakubwa walipewa siku kumi za kazi. Asiye na pingamizi hakutakiwa kuandika chochote. Kanuni ilisema: kimya ni kukubali. Lakini neno moja la kupinga, hata la mmoja tu, lilirudisha mradi mwanzo.

Mradi wa daraja ulikwisha kurudishwa mara tatu, na mara zote na mtu yuleyule. Tarishi alimwita Bwana Lakini, maana barua zake zote zilianza, "Ni wazo zuri, lakini..." Lakini ng'ambo bado kuna bunduki. Lakini makadirio yaangaliwe upya. Lakini tusubiri kidogo.

Vyuma vya daraja la muda vilikuwa vimelala bohari vikiota kutu. Mafundi walisema wiki mbili zinawatosha kuvifunga. Na ng'ambo ya mto alikuwepo mdogo wake karani, mimba ya miezi minane. Hospitali ilikuwa upande huu. Mvua za mwaka jana dada yao mkubwa alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye mtumbwi. Mtumbwi ulionekana siku ya tatu. Yeye hakuonekana.

"Dada, anacheza mpira humu ndani," mdogo wake alikuwa amemwandikia asubuhi ile. "Wingu limeanza kujikusanya huku."

Saa sita kasoro dakika ishirini, simu ikalia.

Karani aliiacha ilie mara tatu. Kisha akaiinua.

"Hujambo, binti?" Ilikuwa sauti ya Bwana Lakini mwenyewe. "Mkubwa wako yupo?"

"Yuko kikaoni, bwana." Kupitia mlango wa kioo alimwona mkurugenzi akizunguka meza yake peke yake, akitafuna kalamu.

"Mbona siku hizi mmekuwa kimya hivyo?"

"Tunangoja kwenu, bwana."

Mzee akacheka. "Kwangu? Mimi sina neno. Haya, msalimie."

Simu ikakatika. Karani alibaki ameishika sikioni, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka tarishi akamuuliza kama amepigwa na umeme. Hakuinuka. Dakika ishirini zilizobaki zilijivuta kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Chumba kilikuwa na madirisha mawili makubwa, lakini yeye alihisi kuta zinamsogelea.

Saa sita na dakika moja mkurugenzi alitoka mbio, tai imepinda.

"Simu ile ilikuwa ya nani? Sema, usinifiche."

"Ya yule mzee."

"Ee Mungu. Kasemaje?"

"Amesema hana neno."

Mkurugenzi alimtazama karani, kisha tarishi, kisha karani tena. "Bwana Lakini? Hana neno?"

"Labda anaumwa," tarishi alisema. "Tumwombee asipone upesi."

Mkurugenzi alicheka mpaka akaishika meza. "Lete daftari." Akapitisha kidole chini ya sahihi, moja baada ya nyingine, zote tano za tarehe moja. "Nilikutuma juani na barua zile, mwanangu, kwa sababu ya goti la huyu mzembe. Nisamehe. Lakini umeona? Wote watano, kimya!" Palepale akapiga simu bohari. "Pakieni vyuma. Ndiyo, leo! Vyote!"

Karani alifunika uso kwa viganja.

"Mbona unalia tena?"

"Ni furaha, mzee."

"Kesho nitawaandikia wote watano niwashukuru. Bwana Lakini nitamwandikia kurasa mbili. Tarishi atazipeleka mapema."

"Nitazipeleka mimi," karani alisema, haraka kuliko alivyopata kusema neno lolote katika ofisi ile.

"Si nimesema goti langu limepona!" tarishi alilalamika. "Huyu binti atanifukuzisha kazi."

"Mwache," mkurugenzi alisema. "Anayependa kazi hazuiwi. Leo nenda nyumbani mapema, mwanangu, ukapumzike."

Alikwenda. Alitembea katikati ya watu bila kumtazama mtu, akapita bohari ambako lori la kwanza lilikuwa limeshawashwa, na wapakiaji wakiimba. Alipofika chumbani kwake alitia komeo, akavuta pazia, akaliinua godoro.

Barua tano zilikuwa palepale, gundi haijaguswa, na chini yake ile karatasi aliyojifunzia sahihi za watu watano.