Fundo la Dada

Zilibaki dakika kumi mashindano ya kuvua yaishe, na baridi ya Januari pale Fort Worth ilikuwa inauma. Flaviana alikuwa amezidiwa visamaki vyeupe vitatu na dada yake, aliyemfundisha kuvua.

Mara mshipi wa dada ukakatika, ndoana ikaenda na maji.

“Nifungie nyingine, mdogo wangu.” Dawa za saratani zilikuwa zimemwacha na ganzi vidoleni.

Flaviana akaulowesha mshipi kwa mate, akaupitisha kwenye ndoana mpya, akauzungusha mara mbili badala ya sita alizofundishwa, akakaza taratibu.

“Tayari, dada.”

Boya likazama. Dada akavuta, mshipi ukarudi mtupu, bila ndoana.

“Nimevuta vibaya,” akasema, akiitazama mikono yake. “Samahani, nakusumbua. Nifungie tena.”

“Ngoja kwanza, boya langu linacheza,” Flaviana akajibu.

Boya lake lilikuwa limetulia tuli.