Mwalimu Mkuu Asahihisha Helikopta

"Kutoa!" Mwalimu Mkuu mstaafu aliguna mbele ya kompyuta. "Njoo uone, mke wangu. Ndugu yako ameweka alama ya kutoa!"

Mkewe aliacha kukunja nguo. Juu ya meza ya chakula ilikaa helikopta ya rimoti, ndefu kama mkono wa mtu mzima, imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Mdogo wake, fundi wa redio, alikuwa ameileta asubuhi hiyo baada ya kuifungia kisanduku cha uokozi. Ikizidiwa angani, unabonyeza swichi moja, nayo inajinyoosha yenyewe na kupanda.

"Mwachie fundi ufundi wake," mkewe alisema. "Amekwambia usiguse."

"Fundi! Cheti cha masomo ya jioni, labda kiligongwa muhuri na mlinzi wa geti." Akacheka peke yake. "Uokozi ni kupandisha. Kupandisha ni kujumlisha. Hesabu ya darasa la tatu, na mtu na ndevu zake ameikosa."

Akafuta alama ya kutoa, akaweka ya kujumlisha. Hakuiinamisha mashine kwa mkono kuona itajibu vipi. Kuinamisha-inamisha vitu, alisema, ni kazi ya wasiojua kusoma.

Miaka thelathini na minne ya kusahihisha madaftari ilikuwa imemwachia ugonjwa: mkono wake haukuweza kupita juu ya kazi ya mtu bila kuibadilisha. Alisahihisha dawa za daktari, akalazwa wiki nzima. Alimsahihisha fundi bomba, jiko likafurika. Helikopta zake mbili za kwanza, kazi ya fundi huyo huyo, alizisahihisha pia, zote zikajizika kwenye uwanja wa kurushia ndege za rimoti, ya pili hatua tano tu kutoka benchi la watazamaji. Mbele ya kamati ya uwanja alinyoosha shingo akasema, "Mimi ni rubani tu. Mwulizeni aliyeitengeneza." Mkewe aliujua ukweli, akaumeza.

Kamati ikatoa neno la mwisho. Helikopta ya tatu ijaribiwe ikiwa chali angani. Ikianguka, fundi asikanyage tena uwanja ule. Na wateja wake wote walikuwa pale pale.

Alasiri walikutana uwanjani. Kamati, wanaume watatu na kofia zao, waliketi nyuma ya wavu.

"Shemeji, umegusa chochote?" fundi aliuliza.

"Niguse nini? Mimi naijua mipaka yangu."

Fundi alilegeza skrubu, akang'oa mapanga yanayozunguka juu, akachomoa waya wa mota.

"Sasa anainyonyoa kama kuku," Mwalimu aliwaambia kamati.

"Mapanga haya yanapasua nyama, shemeji. Kama kuna kosa, heri nilione yakiwa chini."

Akaishika mashine mkononi, akabonyeza swichi ya uokozi. Akaiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto, akaigeuza chali, jicho likiwa kwenye sahani ndogo inayoelekeza mapanga. Aliitazama kitambo. Kisha akarudisha mapanga, akakaza skrubu, akachomeka waya.

Dada yake alimsogelea. "Mdogo wangu, ameigeuza. Nimemwona kwa macho yangu. Irudishe kabla hajairusha."

"Nimeona, dada."

"Umeona, halafu?"

"Halafu nenda ukasimame nyuma ya wavu."

Akamwelewa, na moyo ukamshuka. Ndugu yake alikuwa amechoka kusingiziwa. Sasa alitaka mzee aaibike mchana kweupe, hata kama riziki yake mwenyewe itakwenda na mashine. Hakumlaumu; akaenda kusimama nyuma ya wavu.

"Ipandishe juu sana kwanza, shemeji," fundi alisema. "Huku chini hakuna nafasi ya kujuta."

"Ushauri huo wape waliofeli." Lakini mwenyekiti wa kamati naye alikuwa akinyoosha kidole juu, basi Mwalimu akaipandisha mpaka ikawa kama nyuki. Akaigeuza chali.

"Achia!" mwenyekiti akapaza sauti.

Vidole vikaacha vijiti vya rimoti. Mashine ikaanza kuporomoka, miguu juu, ikivuma. Mke akafumba macho. Akasikia swichi ikibonyezwa.

Kishindo alichokingoja hakikuja. Alipofumbua macho, helikopta ilikuwa imenyooka wima, inapanda taratibu, imetulia kama iliyoning'inizwa kwa kamba.

Makofi yakalia. Mwenyekiti akaandika: imefaulu, fundi abaki.

Mwalimu aliitua, akamvuta fundi pembeni, sauti chini kama anayemsitiri mwizi. "Leo nimekustahi mbele ya watu. Lakini ujue uliikosea. Alama nimeigeuza mimi. Bila mkono huu, sasa hivi tungekuwa tunaokota vipande."

"Kweli kabisa, shemeji," alisema fundi.

Mwalimu akaenda kupokea pongezi zake, kifua mbele.

"Kweli kitu gani?" dada yake, aliyekuwa amewafuata nyuma, alifoka. "Si wewe uliyeitengeneza? Mbona haikuanguka kama zile mbili?"

Fundi alikuwa anarudisha bisibisi mfukoni.

"Zile mbili nilimpa zikiwa sahihi, dada. Hii nilimpa ikiwa na kosa."