Fimbo ya Kuchumia Majani

"Simama wima, usijikunje," Syprose alimwambia binti yake.

Christabel akabana mgongo ukutani na kufumba macho. Mama yake alishika fimbo ya kuchumia majani kwa mikono miwili.

Ni ile fimbo ambayo wachumaji wa chai wa Kiptere huilaza juu ya michai. Jani lililo juu yake linachumwa, lililo chini linaachwa. Syprose ameishika miaka mingi bila mkono kuyumba. Leo ilikuwa iguse kichwa cha mtoto, na aliogopa.

Daktari Wahu alikaa kwenye kochi, chai ikimpoa mkononi. Angempima urefu mwenyewe, lakini Christabel, mwanafunzi wa gredi ya tano, hakubali kuguswa na mgeni. Shuleni hukaa dawati la nyuma kabisa, peke yake, na akiitwa ubaoni hulia. Sokoni mama yake alikwisha kuacha kwenda naye, kwa jinsi watu walivyomkodolea macho.

Kwa miezi mitatu alikuwa akimeza tembe za utafiti. Zinazuia serotonini, kemikali ya ubongo, na daktari alitaka kujua kama zinaweza kusaidia watoto ambao kukua kwao kumekwenda kombo. Zikishindwa, kilichobaki ni kupasuliwa kichwa, ilipo tezi inayoongoza kukua. Opondo, baba yake Christabel, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akitaniana na manesi. Alirudi nyumbani ndani ya jeneza.

"Tangu aanze hizo dawa anamaliza sufuria ya ugali peke yake," Syprose alisema, bado hajashusha fimbo. "Hiyo chakula yote inaenda wapi, daktari?"

"Hizo dawa zinaleta njaa, mama Christabel. Inaenda wapi, ndiyo tunataka kuona."

"Si hizo ndizo wasichana wananunua kwa chemist wapate mwili?" alidakia Mongina, jirani ambaye hajawahi kungoja kuulizwa. "Sasa huyu anapewa za nini?"

"Mongina, nyamaza kidogo," Syprose alimkata.

Fimbo ikatua. Syprose akachora mstari kwa penseli, kisha akasogeza uso karibu na ukuta, akiutafuta mstari wa zamani. Hakuuona. Akafuta vumbi kwa kidole, akatazama tena. Mstari ulikuwa mmoja tu. Penseli ilikuwa imepita palepale ilipopita miezi mitatu iliyotangulia.

"Daktari," akasema. "Ni palepale. Hajaongezeka hata kidogo."

Machozi yakamtiririka, wala hakuona haya kulia mbele ya mgeni. Daktari Wahu akaweka kikombe chini.

Christabel akafumbua macho. "Mama, watanipasua kichwa?"

"Hapana, mtoto wangu. Dawa zimefanya kazi," Syprose alijibu, akishuka kutoka juu ya meza aliyopanda ili akifikie kichwa chake.

Christabel akainama, kama alivyozoea, asigonge kichwa kwenye fremu ya mlango, akatoka nje kucheza.