Beseni la Baridi

Mtengeneza sabuni alimimina kostiki kwenye beseni la maji, akakoroga kwa mwiko, akarudisha uso nyuma kuukwepa mvuke. Mvuke haukuja.

Akashika beseni kwa nje. Baridi. Soda ile kali ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, na alikuwa hajawahi kuiona ikikataa.

Siku hizi alikuwa na utaratibu wake: kila asubuhi, kabla ya kazi, anapanga kitu kimoja tu. Nyumba ilikuwa imeanza kupumua. Hata makopo aliyafanya ya aina moja, yote na mifuniko myeupe, mpaka mumewe akamtania, "Mke wangu, usije ukanipanga na mimi rafuni!"

Leo ilikuwa zamu ya makopo. Aliyateremsha yote, ya jikoni na ya sabuni, akayafuta pamoja mezani, akayarudisha rafuni huku anaimba.

Alivua glavu. Akachovya ncha ya kidole, akakisugua na kidole gumba.

Vilinata. Vilinata kama vidole vya mtoto aliyekula pipi.

Kule jikoni kijiko kiligonga bakuli. Mama mkwe alikuwa akimlisha mjukuu wake uji, na sauti yake ilikuwa na raha ya asubuhi.

"Haya, mume wangu, usininunie. Bibi kakuongezea sukari, tena nyingi. Aaa, fungua mdomo."

"Mama!" alipiga kelele, na beseni likapinduka nyuma yake. "Mama, usimpe!"

Kijiko kikanyamaza.